Runinga janja ya inchi 43: mambo ya kukagua kabla mzigo haujavuka Ruvuma

PALMA, Msumbiji

Runinga ikishavuka Mto Ruvuma, kuirudisha kwenye duka ilikonunuliwa si kazi ndogo. Mfanyabiashara aliyenunua Dar es Salaam au Mtwara na kuuza Palma, Quionga au Mocímboa da Praia anaweza kukuta kwamba nauli ya kurudi, karatasi za forodha na siku zilizopotea vimemeza faida ya safari nzima. Kosa la kuchagua ambalo mjini lingemalizwa kwa kubadilishiwa siku hiyo hiyo, huku pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado linageuka kuwa hasara ya mtaji.

Kwa mnunuzi wa mwisho hasara hiyo ni nzito zaidi. Uasi ulioanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 ulizifukuza familia nyingi kutoka majumbani mwao. Mji huo ulikuwa mikononi mwa waasi kuanzia Agosti 2020 hadi Agosti 2021, na Palma ilishambuliwa Machi 2021. Familia zilizorudi zimeanza upya kwa mabati, magodoro na sufuria, na runinga huja baada ya hayo yote, kwa fedha zilizowekwa kidogo kidogo. Nyumba ya namna hiyo hainunui runinga mbili. Ikiuziwa mbovu, inakaa na mbovu.

Biashara hii hata hivyo inatarajiwa kuendelea. Palma iko karibu zaidi na Mtwara kuliko na Pemba, makao makuu ya jimbo, na watu wa pande zote mbili za mto wanaelewana kwa Kimakonde na Kiswahili. Novemba 2025 kampuni ya TotalEnergies iliondoa tangazo la dharura lililosimamisha mradi wake wa gesi wa Afungi tangu Aprili 2021. Mwezi uliofuata timu za taifa za Msumbiji na Tanzania zote mbili zilikuwa Morocco kwenye fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Kazi na mpira ni vitu viwili vinavyowafanya watu waulize bei ya runinga.

Swali la kwanza la mnunuzi kwa kawaida ni inchi ngapi. Kwa pwani hii swali hilo linafaa kuja mwisho. Yanayotangulia ni umeme wa nyumba, mawimbi yanayofika pale, intaneti iliyopo, na mfumo uliomo ndani ya runinga. Makala haya yanaeleza mambo hayo kwa mpangilio huo, kisha yanagusia forodha na usafirishaji.

Umeme na plagi

Tanzania inatumia umeme wa volti 230 na Msumbiji volti 220, nchi zote zikiwa na mzunguko wa hezi 50. Runinga nyingi mpya zimeandikwa nyuma "AC 100-240V", nazo hufanya kazi pande zote bila tatizo. Tatizo huja kwa runinga zilizotumika kutoka Marekani au Japani, ambako umeme wa majumbani ni wa volti 120 na 100. Baadhi yake zimetengenezwa kwa volti hizo tu, na zikichomekwa kwenye umeme wa huku huungua papo hapo. Lebo ya nyuma isomwe kabla ya kulipa. Kama imechubuliwa au imefutika, runinga hiyo iachwe.

Plagi ni jambo linalosahaulika. Runinga inayouzwa Tanzania mara nyingi huja na plagi ya pini tatu bapa. Nyumba za Msumbiji zina soketi za pini mbili za mviringo, au za pini tatu nene za mviringo kama za Afrika Kusini. Mnunuzi akikuta plagi haiingii, hukata waya na kuunganisha mwenyewe au huchomeka adapta dhaifu inayopata moto. Mfanyabiashara anayeagiza runinga 20 afadhali anunue pia adapta 20 imara, au amwombe muuzaji wa jumla waya zenye plagi inayofaa pale ambapo waya wa runinga huchomoka.

Mahali umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, kifaa cha kulinda runinga dhidi ya umeme mkubwa hakina budi kuwemo katika bei. Umeme ukirudi, kifaa hicho husubiri dakika chache kabla ya kuuruhusu kupita. Gharama yake ni ndogo kuliko bodi ya umeme ya runinga, ambayo ni moja ya sehemu zinazoungua mara nyingi.

Kwa nyumba zinazotegemea sola, hesabu ya wati ndiyo inayoamua ukubwa. Runinga ya LED ya inchi 32 hutumia takriban wati 40, na ya inchi 43 takriban wati 80, ingawa kila toleo lina kiwango chake kilichoandikwa nyuma. King'amuzi na kifaa cha intaneti kwa pamoja huongeza takriban wati 25.

Betri ya asidi ya volti 12 yenye ujazo wa saa-ampea 100 hubeba saa-wati 1,200, lakini ili idumu inashauriwa isitumike zaidi ya nusu, yaani 600. Kwa kuwa invata nayo hupoteza sehemu ya umeme, betri hiyo itaendesha runinga ya inchi 32 pamoja na vifaa vyake kwa karibu saa 8, na ya inchi 43 kwa saa 5 kasoro. Hapo taa na simu hazijahesabiwa. Kuirudishia betri saa-wati 600 kwa siku moja kunahitaji paneli ya wati 150 hadi 200 na jua zuri.

Maana yake ni kwamba nyumba yenye betri moja na paneli ndogo ya wati 50 isiuziwe runinga ya inchi 43. Itazima katikati ya mechi, na lawama zitamrudia muuzaji. Nyumba kama hiyo inafaa iuziwe runinga ya inchi 24 au 32 yenye tundu la volti 12, ambayo huchukua umeme wa betri moja kwa moja bila kupitia invata.

Mawimbi

Novemba 2010 mawaziri wa nchi za SADC walikubaliana kutumia mfumo wa utangazaji wa dijitali unaoitwa DVB-T2. Msumbiji inatumia mfumo huo, na mitambo yake ya kurushia matangazo ya ardhini iko chini ya kampuni ya umma ya TMT. Runinga yenye DVB-T2 ndani yake inaweza kupokea chaneli za bure za ardhini, kama ile ya taifa ya TVM, kwa antena tu bila king'amuzi, mradi mawimbi yanafika.

Si kila runinga inayoitwa ya dijitali ina DVB-T2. Za Marekani zina mfumo wa ATSC na za Japani zina ISDB-T. Hata ndani ya SADC, Botswana ilichagua ISDB-T. Zile za zamani kutoka Ulaya zinaweza kuwa na DVB-T ya kwanza tu, ambayo haisomi T2. Kwa hiyo neno la kutafuta kwenye boksi na kwenye lebo ni DVB-T2 kamili, na namba 2 iwepo.

Kwenye vijiji vya pwani ambako antena ya ardhini haikamati kitu, wengi hutegemea dishi. Hapa kuna runinga zinazosaidia, zilizoandikwa "T2/S2". Herufi S ni ya setilaiti. Runinga hizo hupokea waya wa dishi moja kwa moja na kuonyesha chaneli za bure za setilaiti bila king'amuzi. Chaneli za kulipia bado zinahitaji king'amuzi na kadi ya kampuni husika, na mnunuzi asiahidiwe vinginevyo. Aidha, king'amuzi kilicholipiwa katika nchi moja kinaweza kuwa na masharti ya kutumika katika nchi hiyo tu, hivyo masharti hayo yaulizwe kabla ya kukipakia pamoja na runinga.

Namna bora ya kujua mawimbi ya mahali fulani ni kuangalia mapaa ya majirani. Kama kila nyumba ina dishi na hakuna antena, jibu limepatikana.

Intaneti na gharama ya bando

Runinga huitwa janja kwa sababu inaingia kwenye intaneti. Bila intaneti inakuwa runinga ya kawaida iliyouzwa kwa bei ya juu kidogo. Swali kwa mnunuzi wa Palma au Mocímboa ni kama nyumbani kwake kuna mtandao unaofika, na kama mfuko wake unahimili.

Kampuni za simu za Msumbiji ni Vodacom, Movitel na Tmcel, na tangu 2023 huduma ya Starlink ya setilaiti nayo inauzwa nchini humo. Simu ya mkononi inaweza kugawa intaneti kwa runinga, lakini matumizi ni makubwa. Kwa mujibu wa makadirio ya Netflix yenyewe, saa moja ya picha ya kawaida hutumia hadi GB 0.7, ya HD hadi GB 3, na ya 4K hadi GB 7. Filamu ya saa 2 kwa 4K inaweza kumaliza GB 14. Bando ambalo familia ingetumia mwezi mzima kwa ujumbe na simu za picha linaisha kwa jioni moja.

Kwa sababu hiyo, mfanyabiashara anayemweleza mnunuzi jinsi ya kushusha ubora wa picha kwenye YouTube hadi 480 anamfanyia hisani kubwa, na mnunuzi huyo atarudi. Kwenye kioo cha inchi 43 ubora huo unatosha kwa habari na mawaidha, ingawa kwa mpira picha itakuwa na ukungu kidogo.

Nyumba nyingi hutazama filamu kutoka kwenye flashi. Hapo runinga ikaguliwe kama inasoma mafaili ya MP4 na MKV, pamoja na yale yaliyobanwa kwa mfumo wa H.265. Flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 haibebi faili moja linalozidi GB 4. Mteja anayelalamika kwamba filamu haikubali kunakiliwa mara nyingi ana tatizo hilo, wala runinga yake si mbovu.

Mfumo uliomo ndani

Hapa ndipo udanganyifu mwingi ulipo. Neno "Android" lililoandikwa kwenye boksi halithibitishi kitu. Android ni mfumo ulio wazi, na kiwanda chochote kinaweza kuuchukua na kuuweka kwenye runinga bila kibali cha Google. Runinga za namna hiyo huwa na duka la programu la simu, ambalo halitumiki vizuri kwa rimoti, au hazina duka kabisa. Baadhi ya programu, Netflix ikiwemo, zinaweza kukataa kufunguka au kutoa picha hafifu. Baada ya muda YouTube nayo hudai toleo jipya ambalo runinga hiyo haiwezi kupata.

Mifumo inayojulikana ni Google TV, ambayo TCL na kampuni nyingine nyingi hutumia, VIDAA ya Hisense, Tizen ya Samsung na webOS ya LG. Yote minne ina lugha ya Kireno, jambo la maana kwa soko la Msumbiji. Mnunuzi asiye na fedha ya majina hayo hana haja ya kununua runinga janja ya uongo. Anaweza kununua runinga ya kawaida ya dijitali yenye HDMI na kuongeza kifaa kidogo cha kuchomeka chenye mfumo uliothibitishwa. Kifaa kikizeeka hubadilishwa peke yake, na runinga inabaki.

Kuna sababu nyingine ya kuogopa Android isiyothibitishwa. Juni 2025 idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, programu haribifu iliyokutwa kwenye vifaa vya bei rahisi vya kutazamia runinga na vingine vya nyumbani. Baadhi ya vifaa hivyo vilitoka kiwandani vikiwa tayari vimeambukizwa. Programu hiyo hutumia intaneti ya mwenye nyumba kupitisha shughuli za wahalifu bila yeye kujua. Kwa mtu anayenunua bando kwa vipimo, hilo linaweza kumaanisha kwamba GB zake zinaliwa na watu asiowajua.

Runinga nyingi za bei nafuu zina RAM ya GB 1 hadi 2 na hifadhi ya GB 8. Hiyo inatosha kwa programu tatu au nne. Mnunuzi ashauriwe asijaze programu, kwa kuwa runinga itakuwa nzito.

Kioo: inchi na nukta

Inchi hupimwa kutoka kona hadi kona ya kioo kinachoonyesha picha, bila fremu. Inchi 32 ni sentimita 81, inchi 43 ni sentimita 109, na inchi 50 ni sentimita 127. Utepe wa fundi cherehani unatosha kugundua boksi linalosema 43 huku ndani kuna 40. Kioo cha inchi 43 kina eneo karibu mara mbili ya kile cha 32, ndiyo maana wengi wanaokaa watu wengi sebuleni hukipendelea.

Umbali mzuri wa kukaa ni mara moja na nusu hadi mara mbili na nusu ya kipimo hicho. Kwa inchi 43 ni kati ya mita 1.6 na 2.7. Kwa chumba ambacho kiti kiko mita moja na nusu kutoka ukutani, inchi 32 inatosha na inakula umeme nusu.

Ubora wa picha hutegemea idadi ya nukta. HD ya runinga nyingi ndogo ni nukta 1,366 kwa 768, Full HD ni 1,920 kwa 1,080, na 4K ni 3,840 kwa 2,160. Kwa inchi 32, HD inakubalika. Kwa inchi 43, Full HD ndiyo ya chini inayofaa. 4K ni nzuri ikipatikana kwa nyongeza ndogo, lakini king'amuzi cha kawaida na bando la simu havitaifikia. Maneno kama "4K supported" maana yake ni kwamba runinga inaipokea picha ya 4K kisha inaipunguza ili itoshe kioo chake. Hayasemi kwamba kioo chenyewe ni cha 4K. Namba ya toleo iliyoko nyuma itafutwe kwenye tovuti ya mtengenezaji, nukta za kioo zisomwe huko.

Robo saa ya majaribio dukani

Muuzaji wa jumla anayekataa runinga kuwashwa hafai. Kwa mzigo wa vipande vingi, angalau kipande kimoja katika kila toleo kifanyiwe majaribio yote, na vingine viwashwe na kuangaliwa kioo.

Kwanza, lebo ya nyuma, boksi na risiti vilinganishwe: namba ya toleo, namba ya kipande na volti. Pili, runinga iwashwe ikiwa na picha nyeupe tupu, halafu nyeusi tupu. Kwenye nyeupe hutafutwa madoa, nukta zilizokufa na sehemu zenye kivuli, na kwenye nyeusi hutafutwa kona zinazovujisha mwanga. Tatu, runinga iunganishwe na intaneti ya simu na YouTube ichezwe kwa dakika tano bila kukwama. Nne, flashi ichomekwe kila tundu la USB, na king'amuzi kijaribiwe kila tundu la HDMI. Tano, sehemu ya kutafuta chaneli ifunguliwe kuona kama DVB-T2 imo kweli. Mwisho, rimoti ijaribiwe vitufe vyote, kwa sababu rimoti ya chapa isiyojulikana ni ngumu kupatikana Mocímboa.

Mawinga wa Kariakoo wanaweza kumwonyesha mteja runinga moja na kumfungia nyingine stoo. Runinga iliyojaribiwa ndiyo ipakiwe, na namba yake iandikwe kwenye risiti mbele ya mnunuzi.

Forodha na karatasi

Wafanyabiashara wengi wanaamini kwamba bidhaa iliyonunuliwa Tanzania inaingia Msumbiji bila ushuru kwa kuwa nchi zote ni za SADC. Sivyo. Nafuu ya SADC inategemea mahali bidhaa ilikotengenezwa, na inadai cheti cha uasilia. Runinga iliyotoka China ikapita bandari ya Dar es Salaam inabaki kuwa bidhaa ya China. Runinga iliyotengenezwa ndani ya SADC, mfano katika kiwanda cha Hisense kilichoko Atlantis, Afrika Kusini, inaweza kupata nafuu hiyo, ikiwa imetimiza kanuni za uasilia na ina cheti. Utaratibu rahisi wa COMESA kwa wafanyabiashara wadogo nao hautumiki hapa, kwani Msumbiji ilijitoa COMESA mwaka 1997 na Tanzania mwaka 2000.

Kiwango cha juu cha kawaida katika jedwali la ushuru la Msumbiji ni asilimia 20, ambacho hulenga bidhaa za matumizi ya mwisho. Juu yake kuna IVA, iliyoshushwa kutoka asilimia 17 hadi 16 kuanzia Januari 2023. IVA hukokotolewa baada ya ushuru kuongezwa. Chukua mfano wa runinga ambayo thamani yake pamoja na bima na nauli ni metikali 10,000. Ushuru wa asilimia 20 ni 2,000. IVA ya asilimia 16 juu ya 12,000 ni 1,920. Jumla ya kulipa ni metikali 3,920, kabla ya ada nyingine na malipo ya despachante. Mfanyabiashara anayepanga bei bila namba hizo anauza kwa hasara au analazimika kukwepa, na mzigo uliokwepa ukikamatwa hupotea pamoja na mtaji.

Upande wa Tanzania, bei ya dukani kwa kawaida ina VAT ndani yake, wakati bidhaa zinazosafirishwa nje hutozwa kwa asilimia sifuri. Ili kunufaika, muuzaji lazima awe amesajiliwa VAT na mzigo utoke kwa nyaraka kamili za forodha. Kwa runinga moja usumbufu huo haulipi. Kwa vipande 20 ni busara kuzungumza na muuzaji na wakala wa forodha mapema, la sivyo kodi italipwa pande zote mbili za mto.

Risiti ya EFD, ankara yenye namba za vipande, nchi ilikotengenezwa na namba ya NUIT ya mwagizaji viwe pamoja tangu mwanzo. Hati za alfandega zibebwe na dereva hadi mwisho wa safari. Katika eneo lenye vizuizi vya ulinzi barabarani, mzigo usio na karatasi humweka dereva matatani hata kama ushuru umelipwa.

Kusafirisha

Njia fupi ni Mtwara hadi Kilambo, kuvuka Ruvuma hadi Namoto, kisha Quionga na Palma. Njia hiyo inategemea maji ya mto na chombo cha kuvukia. Daraja la Umoja kati ya Mtambaswala na Negomano, lenye urefu wa mita 720 na lililofunguliwa Mei 2010, linapitisha magari makubwa, lakini liko mbali magharibi, na kutoka hapo kuna safari ndefu ya kupitia Mueda. Mzigo unaotoka kusini, Nacala au Pemba, hupita barabara ya N380, ambayo imekumbwa na mashambulizi mara kadhaa tangu uasi uanze. Hali ya kila njia na ya kila kituo iulizwe siku ya kupakia, si wiki iliyotangulia.

Runinga husafirishwa ikiwa imesimama. Ikilazwa, kila shimo la barabara huuchapa uso wa kioo kwa uzito wake wote. Maboksi yapangwe kama vitabu kwenye rafu, yafungwe yasicheze, na kisiwekwe kitu juu yake. Kwenye jahazi au mtumbwi yainuliwe juu ya maji ya chini ya chombo na kufunikwa kwa nailoni na turubai, maana maji ya chumvi yakigusa bodi, hata runinga ikiwaka leo, kutu itaiua baada ya miezi.

Mmiliki wa mzigo na msafirishaji waandikiane idadi, hali ya maboksi na nani atabeba hasara ya kioo kilichovunjika. Runinga ziwashwe mbele ya dereva kabla ya kumalizia malipo. Kioo kilichopasuka hakitengenezeki kwa faida, kwani bei ya kioo kipya hukaribia bei ya runinga yenyewe.

Dhamana na vipuri

Dhamana ya mwaka mmoja iliyoandikwa Dar es Salaam hutimizwa Dar es Salaam. Kwa mnunuzi wa Palma ni karatasi tu, isipokuwa mfanyabiashara ameamua kuibeba mwenyewe. Njia inayowezekana ni kuleta toleo moja au mawili tu badala ya matano tofauti, na kuagiza pamoja nayo rimoti za akiba, mistari ya taa za nyuma na bodi ya umeme. Fundi wa mtaani akiwa na vipuri hivyo anaweza kurekebisha matatizo mengi bila runinga kuvuka mto tena.

Taa za nyuma huungua mapema kwa sababu runinga hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa mwanga wa juu kabisa. Kuushusha hadi nusu siku ya kwanza kunaongeza maisha ya taa na kupunguza wati. Runinga isiwekwe karibu na dirisha la upande wa bahari, na isifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Kwa ufupi, nyumba yenye umeme wa gridi na intaneti ya uhakika inafaa runinga ya inchi 43, Full HD au zaidi, yenye DVB-T2 na mfumo uliothibitishwa. Nyumba yenye king'amuzi bila intaneti inafaa runinga ya kawaida ya ukubwa huo huo, na fedha iliyobaki inunue kifaa cha kulinda umeme. Nyumba ya sola ndogo inafaa inchi 32 au chini ya hapo, ya volti 12. Mfanyabiashara anayeuliza maswali hayo matatu kabla ya kwenda kununua hatabeba mzigo wa kurudisha.